Mti wa Finlay

Ness, Kisiwa cha Lewis
Jumanne, 11 Machi

Kaka yangu Alasdair,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukutesa kwenye ngazi za hapo Glasgow. Msalimie sana wifi yangu Morag, mwambie skafu aliyoisahau hapa siku ya mazishi nimeifua na nitaituma. Mimi sijambo. Nakula, nalala kidogo, na kondoo wote wamevuka baridi. Kitambaa alichokiacha Finlay wangu nusu bado kiko kwenye mtambo wa kufumia. Jirani amejitolea kukimalizia, nikamwambia asubiri.

Nimepata ujumbe wako kwamba umemkubalia Rhoda, mke wa shemasi, achapishe picha ya mti wa Finlay kwenye karatasi ya kanisa ya mwezi ujao, pamoja na yale maneno yako ya siku ya mazishi. Kaka, nakuomba umwambie asichapishe. Sababu nitakueleza, ila nivumilie nianze mbali kidogo. Kwa simu nisingeweza.

Unakumbuka ulivyomletea Finlay simu ile macho yake yalipoanza kufifia. Sijasahau wema huo, na lolote nitakaloandika hapa si lawama kwako. Jioni, baada ya chakula, tulikuwa tunashika Vitabu kama nyumbani kwa baba: sura moja ya Biblia, kuanzia ilipoishia jana. Miaka thelathini na minane alisoma yeye. Akifika mahali pamemgusa alikuwa anavua miwani, anaifuta kwa pindo la sweta, na tunakaa kimya mpaka atakapoivaa tena. Alipoacha kuona maandishi nikawa nasoma mimi. Lakini sura ya asubuhi, ya peke yake kwenye banda la mtambo, hiyo hakuna mtu angeweza kumsomea. Ndiyo uliyomrudishia, kwa Biblia ile uliyomtilia kwenye simu. Herufi kubwa kama mayai, alisema, na alicheka kama mtoto.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri. Kisha ukaja ule mti kwenye kioo. Ukimaliza sura, jani linachipua. Usiposoma siku moja, majani yanapukutika, na simu inakuandikia kwamba mti wako una kiu. Mwanzoni tuliufanyia mzaha. Finlay alisema upepo wa kwetu haujaacha hata mti mmoja umesimama kuanzia hapa mpaka mnara wa taa, na sasa yeye anaoteshewa mwaloni mfukoni.

Ila wewe unajua nyumba yetu. Jumamosi jioni simu ilikuwa inaingia kwenye droo, pamoja na vijiko vya wageni, na haitoki mpaka Jumatatu. Siku ya Bwana simu haiguswi, tulisoma Biblia ya karatasi. Basi kila Jumatatu Finlay alikuta mti wake umekonda, na jina lake limeshuka kwenye ile orodha ya simuni ya washiriki wote. Wewe pia umo kwenye orodha hiyo, umeiona. Mtu aliyekwenda kanisani mara mbili Jumapili ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Siku moja tulimkuta Rhoda dukani, karibu na mikate. Akamwambia mbele ya watu, kwa utani wake ule, "Mzee Finlay, mti wako umenyonyoka kama kuku wa Januari."

Finlay akamjibu taratibu, "Wangu unapukutika Jumapili tu, mama. Wako siku hiyo anaumwagilia nani?"

Watu walicheka na Rhoda akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilidhani yameishia hapo. Lakini tulipokuwa tunarudi Finlay alitembea mbele yangu mpaka getini, na nikajua kwamba limemchoma.

Tangu siku hiyo alibadilika, na hapa ndipo nilipoanza kuona kinyaa, Alasdair, sina neno jingine. Nilipompelekea chai bandani nilimkuta anasukuma Ayubu juu kwa kidole gumba, upesi upesi, kama mtu anayetafuta bei ya kondoo mnadani. Alikuwa anakimbilia chini, kwenye jani. Siku akiwa na kazi nyingi alichagua ile zaburi ya aya mbili. Kisha simu ilipiga tarumbeta na vikaratasi vya rangi vikamwagika kwenye kioo, juu ya Neno la Mungu, kama kwenye harusi ya walevi. Jioni nikifungua Kitabu alisema tusome kidogo tu, kwa kuwa yeye ya leo ameshamaliza. Ameshamaliza. Mume wangu, aliyeweza kukaa na aya moja mpaka chai ikapoa.

Nilipaswa kusema. Sikusema, kwa sababu niliona anavyofurahi jina likipanda ngazi mbili. Nilichukia kile kitu kama ninavyochukia panya kwenye pipa la unga, na kila jioni nilikitia umeme mwenyewe kisije kikazimika.

Januari hii, alipolazwa hospitali ya Stornoway, alikuwa hana nguvu ya kushika simu. Niliishika mimi, naye akagusa. Nesi mmoja alimpongeza kwa majani yake. Siku za katikati ya wiki hatukukosa hata moja.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile ya mwisho. Baada ya chakula cha mchana, supu aliyoiacha, alifungua macho akaniambia, "Murdina, nisomee." Akataja sura ya arobaini na tatu ya Isaya. Biblia ya karatasi ilikuwa kwenye mkoba, miguuni pangu. Simu pia ilikuwemo, ili hospitali iweze kunipata. Mimi nikawaza, tangu aanze hajapata kuuona mti wake umejaa, kwa sababu ya Jumapili zetu. Nikawaza itamfurahisha. Nikafungua simu Siku ya Bwana, nikaitafuta sura yake, nikaisukuma mpaka chini bila kusoma hata neno moja. Tarumbeta ikalia wodini. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Vikaratasi vikamwagika, mti ukajaa, nami nikamwonyesha kioo, nikamwambia, "Tazama, Finlay, umekamilika."

Aliutazama. Halafu akageuzia uso dirishani na kusema, "Mimi nilitaka sauti yako tu."

Nilitoa Kitabu haraka, lakini alikuwa ameshafumba macho, na hakuyafumbua tena. Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, alikuwa ameondoka.

Kwa hiyo uliposimama kaburini ukasema, ukilia, kwamba shemeji yako amekwenda mti wake ukiwa umejaa, na watu wakaitikia kwa vichwa, mimi nilitaka ardhi inimeze pamoja naye. Jani lile la mwisho ni langu. Alama ya kijani kando ya jani hilo inasema Finlay alisoma Isaya arobaini na tatu siku ile saa nane na dakika kumi. Hakuisoma. Wala sikuisoma mimi. Rhoda asichapishe, kaka. Ukiona vigumu kumwambia, mtumie barua hii aisome mwenyewe. Nimeshaona haya kiasi cha kutosha.

Wiki nzima baada ya mazishi simu iliendelea kumwandikia kwamba mti wake una kiu. Nikaipeleka kwa binti wa maktaba, Stornoway. Alifuta kila kilichokuwa cha mti na kunitilia Biblia nyingine, ya maandishi matupu. Haina orodha, haijui jina langu, haijui jana nilisoma au sikusoma. Herufi nimeziacha kubwa vilevile, za Finlay.

Jana asubuhi nilikaa nayo bandani, kwenye kiti chake, nikaisoma sura ile kwa sauti, pole pole. Nilitua pale ambapo yeye angevua miwani. Nilipofika mwisho hakuna kilichotokea. Kioo kilikaa kimya, na mimi nikakaa nacho.

Wasalimie watoto na wote wanaoniulizia. Ukija wakati wa kukata manyoya ya kondoo, njoo na Morag, chumba chenu kipo. Ukinipigia, piga siku yoyote isipokuwa Jumapili. Simu itakuwa kwenye droo.

Dada yako akupendaye,
Murdina