Simwambii Igoki Arudi Ishiara

Timau

Kwako ndugu yangu Njeru,

Nakusalimu nikiwa ndani ya sweta mbili. Baridi ya huku bado inanishinda, ingawa nimezeekea hapa tangu nilipokuja kufundisha. Magoti yako yanasemaje? Mbuzi wamepata majani, au jua la Ishiara ni lile lile?

Nimepata ujumbe wako kwamba nimwambie binti yako Igoki aache kazi ya shamba la maua arudi nyumbani. Nilitaka kumwambia siku hiyo hiyo, maana hofu yangu inaishinda yako. Wenzake wanaochuma waridi wamemchagua awasemee kwa meneja: wanaingizwa kazini kabla dawa iliyopulizwa haijakauka, na wanakohoa. Aliyewasemea kabla yake alifutwa kazi. Juzi askari wa getini alinikuta dukani, akacheka. "Mwalimu, huyo msichana wako anataka kuwa meneja? Mwambie mimi ndiye hufungua geti, na mimi ndiye hulifunga." Usiku huo sikulala.

Sasa nikueleze kilichonizuia, na usinicheke. Nasoma riwaya nene kama Biblia ya kanisani. Kuna msichana anayefua mashuka katika nyumba ya wageni, na ameamua nyumba hiyo itakuwa yake. Mwanzoni nilimchukia. Anajibu wakubwa, anapita vyumbani kana kwamba ameshavinunua. Nilikuwa namwambia kwa sauti, "Tulia, msichana." Halafu nikamwona amejificha chini ya ngazi akijifunza hesabu, mikono imebabuka kwa sabuni, nikajikuta niko upande wake. Sasa amepanda sana, na kurasa zilizobaki ni nyingi mno. Nimesoma vya kutosha kujua waandishi huwafanya nini wanawake wanaotaka makubwa. Nimeshindwa kufungua sura inayofuata.

Igoki alikiona kitabu mezani. "Shangazi, mbona umemwacha huyo mfua mashuka wako?"

"Naogopa watamwangusha."

"Kwani usiposoma ndio atakuwa salama?" Akavaa gambuti zake akaenda kazini.

Njeru, ulimpa jina la mama yetu, kama desturi inavyotaka, na tangu azaliwe mimi na wewe humwita mama. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumrudisha. Kila nikianza na "mama", yananikwama. Nani kati yetu aliwahi kumwambia mama anyamaze?

Basi simwambii. Akifutwa, nitakula naye nilicho nacho. Kama ni lazima aambiwe, panda mwenyewe mpaka Timau, umwite mama usoni, kisha umwambie.

Msalimie mkeo, na umwambie mtoto wake anakula vizuri. Msalimie binamu yetu anayefuga nyuki, na yule mama mkwe wako asiyesahau kuniombea. Sasa aombe zaidi.

Naishia hapa kwa sababu pasi imepata moto. Igoki anaingia kwa meneja kesho asubuhi, na ameniomba koti langu la kanisani.

Dada yako mwenye hofu,
Marigu