Mama Mkwe Kanitambua Kundini

Shoga, makubwa!

Lile kundi la wanawake mtandaoni, ninakoandika kwa jina la bandia jinsi mume wangu anavyonipiga? Leo wametaka majina halisi.

Sasa sikia. Naosha vyombo, mama mkwe kaingia, kafunga mlango. Akaninong'oneza, "Usiwape jina lako. Mwanangu naye yumo humo, kajifanya mwanamke."

Yumo humo!!

"Umejuaje ni mimi, mama?"

"Nilikutambua ulipoandika habari za jino alilokuvunja. Yule aliyekujibu 'kimbia, mwanangu' ni mimi."

Ati ni yeye! Mama mkwe huyuhuyu!

Au katumwa na mwanawe anichimbe? Simwamini mtu tena.

Ila nguo nimeshafungasha. Nakuja kwako. Nikigonga, fungua haraka.