Mashine Zilizosalimiana Bila Kuchoka

Garland, Texas

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana ya kwanza najua utaipokea umesimama, ya pili ukiwa umeshakaa. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua imekufikia, au imeishia njiani kwenye magoti ya wengine? Mimi mwanao mzima wa afya, nakula, nalala, na leo nina furaha mpaka Espérance, yule Mrundi ninayekaa naye, ananiuliza kama nimechumbiwa. Nimemwambia ni zaidi ya hapo. Subiri nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho utapiga vigelegele halafu yaliyobaki hutasoma.

Unakumbuka nilikuambia nimeacha kubandika lebo kule ghalani, nimeingia kwa majaribio kwenye kampuni ndogo inayotunza kompyuta za watu. Nilichokuficha ni kwamba majaribio yenyewe yalikuwa yaishie Houston. Bosi wangu, Randy, mzee mmoja mrefu asiyejua kuzungusha maneno, aliniita akasema, "Mwanaidi, nenda Houston ukafunge terminal server, peke yako. Ikifanya kazi, nimekuajiri. Isipofanya, sina nafasi yako." Na ghalani walishaweka mtu mwingine. Sikukuambia kwa sababu ungefunga swaumu kwa ajili yangu, na daktari amekukataza.

Najua utauliza ni kidude gani hicho. Ni kisanduku chembamba cha chuma, mgongoni kina matundu yamejipanga. Kila tundu wanaliita poti, na kila poti ina waya wake kwenda kwenye mashine yake. Siku mtandao mkubwa ukikatika, zile mashine zinakuwa kama nyumba iliyojifunga na funguo zimebaki ndani. Kisanduku hiki ndicho mlango wa uani. Fundi aliye ofisini kwetu Dallas anapitia hapo kwa laini ya simu ya kisanduku chenyewe, anaingia, anatengeneza, hasafiri. Ila kila poti lazima uiseti kwanza: iongee kwa kasi gani, imruhusu nani, ikae vipi. Ukikosea kasi tu, skrini inakuletea alama za ajabu hata mganga hazisomi.

Basi nikaondoka, kisanduku nimekifunga mkanda kwenye kiti cha abiria, nakisemesha njia nzima. Nililala Pearland, jirani na Houston, kwa Dada Rehema, mtoto wa mama mkubwa, bado ni nesi hospitali kubwa kule mjini. Watoto wake ukiwaambia "hamjambo" wanajibu "Good, Auntie!" Lakini pilau walilielewa bila mkalimani.

Asubuhi nikaingia kwenye jengo la mitambo. Baridi ya mle ndani, mama! Nilivaa lile sweta ulilonifumia na bado meno yaligongana. Nikafunga kisanduku, nikachomeka nyaya, nikaanza kuseti poti moja moja. Sasa sikia ujinga wa mwanao. Kuna mahali pa kuandika maneno ya kumpokea anayeingia. Maelekezo yanasema ukitaka, paache wazi. Mimi, niliyelelewa na wewe, niache mlango bila karibu? Thubutu! Kila poti nikaiandikia: KARIBU. TAFADHALI JITAMBULISHE. Tena nikaiamuru isubiri jina, kwa adabu zote.

Nikampigia Randy ajaribu kuingia. Akasema, "Siwezi. Poti zote ziko bize."

Bize na nani, wakati humu niko peke yangu? Nikatazama taa za kisanduku, zinawaka zinazima kama zimepandwa na pepo. Randy akasema, "Nakusubiri mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo namtuma mtu mwingine."

Nikabadili kasi, wapi. Nikabadili nyaya, wapi. Nikaanza kupanga maneno ya kukuambia wewe, na sikuyapata, machozi ndiyo yakaja. Nikayafuta na mkono wa sweta, nikasema, haya, angalau nisikilize hizi poti zinaongea nini. Nikafungua dirisha la poti ya kwanza.

Nikaona salamu yangu inapita: Karibu, jitambulishe. Na ile mashine ya upande wa pili, ambayo nayo imefundishwa kumhoji kila anayegusa waya, inajibu: Wewe nani? Poti yangu ikadhani hilo ndilo jina la mgeni. Ikajibu: Simfahamu. Karibu, jitambulishe. Mashine nayo: Simfahamu. Wewe nani? Hivyo hivyo, haipumui hata moja!

Mama, nilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Maana niliwaona wewe na Mama Zuhura mmesimama pale kwenye ua. Habari za kuamka, nzuri, za watoto, wazima, za wagonjwa, wanaendelea, na wewe je, mpaka wali ukaungua, na marehemu baba akapaza sauti kutoka ndani: "Jamani, wote mmekuwa wenyeji! Mgeni ni nani hapo?" Ndiyo hayo hayo. Waya mmoja, wenyeji wawili, kila mmoja anamkaribisha mwenzake, na hakuna aliyepiga hodi.

Nikafuta salamu zangu zote. Poti nikaziseti zinyamaze, ziwe njia tu, mashine ndiyo iulize. Karibu nikaiacha mahali pamoja, pale mtu anapoingilia kwenye kisanduku chenyewe. Taa zikatulia moja baada ya nyingine.

Nikampigia tena Randy. Akaingia poti ya kwanza, ya pili, akazimaliza zote. Akasema, "Chomoa mtandao mkubwa." Nikachomoa. Bado yumo! Niliruka, mama, na umri huu. Kisha akauliza, "Hili neno karibu ni nini?" Nikamweleza, na hodi nikamweleza. Nikajua ataniambia nifute. Mara kwenye skrini yangu naona herufi zinakuja, moja, moja, kutoka Dallas: h, o, d, i.

Nikamwandikia: Karibu.

Akacheka kwenye simu, akasema, "Karibu na wewe. Jumatatu njoo usaini."

Nimesaini, mama! Nimeajiriwa! Na sasa lile nililotaka kuanza nalo. Ghalani hapakuwa na likizo, palikuwa na kuacha kazi, ndiyo maana baba alizikwa mimi niko huku nalia na maboksi. Kazi hii ina likizo. Nimeomba Desemba, Randy amekubali.

Nisalimie Mama Zuhura, jirani yetu wa salamu ndefu, mwambie amenipatia kazi na hajui. Msalimie kaka Jumanne, aache kidogo cherehani yake aje akusomee polepole hapo kwenye habari za poti. Bibi mshike miguu kwa niaba yangu.

Usije uwanja wa ndege na goti hilo. Nitakuja mwenyewe hadi nyumbani, nitapitia mlango wa uani kama zamani. Ukisikia hodi, usiulize ni nani.

Mwanao,
Mwanaidi