Msamaha Usio Wangu

4 Machi

Mwanangu,

Kosa la wanafunzi wengi wa uuguzi ni kuingia wodini mikono mbele, masikio nyuma. Mkono unakimbilia kipimajoto, na mgonjwa bado hajamaliza kuitikia salamu. Nimeifundisha kazi hii mpaka nimestaafu, na hata leo somo ningelianzia hapo.

Marahaba, basi. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu kila ngazi. Baba yako hajambo. Anawatangazia majirani kwamba umekwenda kuwafundisha madaktari wa nchi za kusini. Ni kaka yangu, lakini nimechoka kumsahihisha.

Nimefurahi kwamba mafunzo yako ya vitendo yameanzia wodi ya kifua, kwa wazee waliochimba migodi. Mapafu yao yamejaa vumbi. Hawataki mtu wa haraka. Vuta kiti. Sikiliza pumzi, kisha maneno, ndipo ushike mkono.

Najua kuna simu, lakini barua husomwa mara mbili. Niandikie.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi sijambo, ila nyayo zinawaka moto nikitoka zamu.

Nilivuta kiti kama ulivyosema. Kwenye kitanda cha dirishani kuna mzee ambaye wauguzi walisema anaweweseka tu. Nikainama kusikiliza. Akasema, "Binti, hili shuka umelitandika au umelitupa?" Kwa Kiswahili, Shangazi! Nusura niangushe beseni.

Kumbe hakuwa anaweweseka. Alikuja huku kijana, akaishi kwa lugha ya huku, na homa ilipopanda ikamvua yote, ikamwachia ya kwetu. Ni mtoto wa fundi bati wa karibu na stesheni ya kwetu. Aliacha mke na binti mdogo, akaja migodini kwa msimu mmoja tu. "Niliogopa kurudi mikono mitupu," aliniambia. "Halafu nikaogopa kurudi nimechelewa."

Sasa ananiita mwanangu. Si kama wazee wanavyotuita sote. Anadhani mimi ndiye yule binti yake. Jana akauliza, "Umekuja?" Nikajibu, "Nimekuja, baba." Ningemjibuje mzee vingine? Sista wa zamu anasema nimwache afurahi. Wewe unasemaje?

Mwanao


6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti linakusalimu.

Ulipoitika hukukosea. Tumelelewa hivyo: kila aliyelingana na baba ni baba, na ukiitwa unaitika. Lakini ujue mpaka ulipo. Kuitika ni adabu. Kusamehe ni mali ya aliyekosewa. Akianza kukuomba radhi, mshike mkono umwambie, "Subiri, baba, mwanao yuko mlangoni."

Na wala hutakuwa umemdanganya, kwa sababu binti yake nimempata. Mafundi bati wa stesheni ni ukoo mmoja, na nusu yao niliwapokea mimi walipozaliwa. Yeye ni fundi cherehani, mtu mzima wa mvi. Nilipomwambia, hakulia. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akasema, "Kwa hiyo yuko hai." Kisha akasema, "Mama alikufa akinisihi nisimfungie mlango. Nitaufungua. Ila kwanza nitamwambia usoni alichotufanyia."

Anapanda basi leo, na amenisihi nisikupigie simu: habari anataka kuzipeleka mwenyewe. Nimemkabidhi barua hii, nimeifunga, hajaisoma. Utakapoifungua atakuwa amesimama mbele yako. Mpeleke kwa baba yake, kisha uwaache peke yao.

Shangazi yako


12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Neno sijambo leo limenishinda kuliandika.

Barua yako niliisoma koridoni, yeye amesimama mbele yangu na mfuko wake. Baba yake tulikuwa tumemfunika uso siku mbili kabla.

Saa yake ya mwisho, mzee alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Pumzi inamkwama, macho hayaniachii. "Mwanangu, nisamehe." Maneno yako yalikuwa bado njiani. Nikasema, "Nimekusamehe, baba. Sote tulikusamehe zamani." Akalegea. Akasema, "Sasa nilale."

Binti yake aliomba kukiona kitanda. Kilikuwa na mgonjwa mwingine tayari. Akabaki amesimama, anamtazama mtu asiyemjua, mpaka yule mgonjwa akamwonyesha kwa mkono aketi.

"Alisema lolote?" akaniuliza.

"Alilala tu, mama. Hakusema kitu."

"Hata kuniulizia?"

"Hakusema kitu."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilimtukana mpaka mpakani," akasema. "Tulipovuka mpaka nikaanza kumsamehe. Maneno yote nilikuwa nimeshayapanga."

Shangazi, nimemwibia. Nimemwibia, kisha nikamficha. Mazishi ni kesho. Yuko nyumba ya wageni ya hospitali. Niseme au ninyamaze? Barua hii nimeipiga picha nikutumie kwa simu. Ya posta haitawahi.

Mwanao


12 Aprili, kwa simu

Mwanangu,

Marahaba. Nimelia, nimenawa uso, sasa nakujibu.

Unadhani umemkinga na maumivu. Umempa mengine: kwamba baba yake alikufa bila kumkumbuka. Hilo ni zito kuliko yaliyotokea, na tena halikutokea.

Kuhusu mzee, ulimpa kisicho chako kwa sababu alikuwa anazama na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Sijui mimi ningefanya nini. Darasani sikuwahi kuwa na somo la hapo, na leo pia sina.

La binti yake nalijua. Usimwombe akuelewe. Usitangulie kulia. Mwambie baba yake aliomba nini na wewe ulijibu nini, kwa maneno yale yale, usiongeze wala usipunguze. Pengine atakufukuza. Pengine atarudi kwake akikuchukia mpaka mwisho. Ni haki yake, na usimdai kingine. Lakini amebeba neno kutoka mbali, na hana pa kulitua. Acha aliseme mbele ya jeneza akijua lilikuwa linasubiriwa.

Kwa hiyo weka simu chini. Nenda nyumba ya wageni leo, piga hodi, umwambie.

Shangazi yako