Mgeni Ndani ya Mashine

Homa Bay,
Jumapili mchana.

Mama Filister mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Goti lako la kushoto linaendeleaje, na hiyo baridi ya asubuhi ya Isebania? Natumaini dawa unakunywa mwenyewe, humgawii jirani yako Teresa kila anapolalamika. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na kazi bado ninayo. Hilo la kazi ndilo lililonishikisha kalamu.

Kliniki yetu ina kompyuta moja kubwa. Ndani yake tumepanga nyingine nne zisizoshikika kwa mkono. Kubwa huitwa mwenyeji, hizo nne wageni. Mgeni mmoja hutunza kadi za akina mama wajawazito. Jumanne nilipewa kazi ya kuujenga upya moyo wake, ile programu inayoiamsha mashine, uwe mwepesi. Kazi yenyewe ni kujibu maswali mengi, ndiyo au hapana. Nikafika penye swali: je, mfumo huu utaishi kama mgeni ndani ya mashine nyingine?

Mama, neno hilo mgeni lilinichoma. Unakumbuka watoto wa sokoni walivyoniita jadak, mtu wa kuja, kwa kuwa mimi Mkisii nililelewa na Mjaluo, nawe ukawafukuza na mwiko ukisema nyumbani kwako hakuna mgeni. Basi nikajibu hapana, nikafuta na maswali yote yaliyokuwa chini yake. Kuiwasha, ikagoma, haioni hata diski yake. Akina mama wamejaa kwenye benchi, kadi hazifunguki. Daktari mkuu akaniambia zisiporudi kufikia saa nane nifungashe vyangu.

Aliyeniokoa ni Omanga, mkubwa wangu kazini. Hakufoka. Alikuwa ameuhifadhi moyo wa zamani, akauwasha, na saa saba na nusu kadi zikarudi. Kisha akaketi nami tukarudia maswali moja moja. Alisema si aibu mashine kuwa mgeni. Diski, mtandao, hata saa yake hupewa na mwenyeji, na asiyekubali kwamba anapewa hajui pa kunyoosha mkono. Nilicheka, halafu machozi yakanitoka, naye akadhani nalilia kazi.

Sikulilia kazi, Mama. Hapa niliwaambia wote kwamba Isebania nilikuwa mpangaji wako tu. Hata siku ya mahafali ya chuo, wenzangu wa darasani walipouliza yule mama wa kitambaa cha samawati ni nani, nilisema ni mwenye nyumba wangu, nawe ulikuwa hatua tatu nyuma yangu umenishikia mkoba. Sijui kama ulisikia. Na Pasaka ulipotaka kuja kuniona nikasingizia kazi, kwa kuogopa utaniita mwanangu mbele ya wenzangu wa kazi. Nilitaka waseme nimejitengeneza mwenyewe.

Alhamisi niliwaambia hapa kazini ukweli: ulinichukua nikiwa na miaka mitano, ukanisomesha kwa omena, dagaa wale wa ziwani, ulizouza juani. Miaka ishirini sijakutamkia asante. Nilijiambia mtoto wa nyumbani hashukuru kama mgeni. Asante, Mama. Asante sana.

Sasa wananiuliza mama yako anakuja lini. Sijawajibu. Nangoja useme wewe.

Msalimie Teresa na wote wa kanisani, na Mungu akulinde.

Mwanao, kama bado wanikubali,
Nyakerario.