Chapa Kwanza, Namba Baadaye

Jumatatu, 7 Machi 1988
Chai, kufagia, kuwasha kompyuta ya ofisi ya mifugo. Skrini giza. Harufu ya kuungua. Nimempigia simu fundi wa Nairobi. Anasema kadi ya picha imekufa, kile kipande kinachopeleka maandishi kwenye skrini. Imeandikwa MG 120. Orodha ya mifugo wa Sericho imo ndani ya kompyuta, na karatasi zake mchwa walishakula. Lori la chanjo linaondoka Ijumaa. Bila orodha litapelekwa kwingine, na ng'ombe wa Mjomba Wario huko Sericho watabaki bila chanjo. Naogopa.

Jumanne, 8 Machi
Duka la Nairobi lina kadi mbili: MG 120 na CG 200. Nimeagiza 200. Hapa ofisini mnyama mwenye namba kubwa sikioni ndiye mchanga, aliyeandikishwa juzi. Nani anataka kadi kuukuu? Nimejiona mjanja kweli.

Jumatano, 9 Machi
Ekai, dereva wetu, ameleta kadi. Nimeichomeka. Waya wa skrini ukaingia sawasawa. Nanyoosha mkono niwashe, stima ikapotea mji mzima. Nilitukana mpaka Ekai akatoka nje.

Nyumbani Chechelesi nikamsimulia Mama nilivyochagua kadi kwa namba. Akacheka!

"Kwani wewe nanunua ng'ombe kwa namba? Angalia chapa kwanza, ujue ni ya watu gani."

Nilikasirika. Chakula kikanishinda.

Alhamisi, 10 Machi
Stima imerudi. Sikuwasha. Maneno ya Mama yalinikaa kichwani, nikampigia fundi kwanza, nikamwambia nimechomeka CG 200.

"Usiguse hiyo swichi, dada!"

Kumbe herufi ndiyo chapa. M ni ya skrini ya rangi moja, kama yetu. C ni ya skrini ya rangi nyingi. Namba ni ya kulinganisha kadi za chapa moja tu. Hiyo 200 si mdogo wake 120, hata boma lao si moja. Plagi zinafanana, lakini ningewasha ningeunguza skrini yenyewe. Nikaichomoa. Mjinga mimi.

Fundi anatuma MG 120 kwa basi la jioni.

Ijumaa, 11 Machi
Kadi ilifika asubuhi mapema. Maandishi ya kijani, alhamdulillahi! Orodha yote imetoka. Jina la Mjomba liko ukurasa wa tatu, nimelisoma mara mbili. Lori limeondoka saa nne.

Nimempelekea Mama sukari kilo mbili. Hakuuliza ni ya nini. Alinimiminia maziwa, nikanywa yote.