Mama Furaha, Nimefikisha Neno Lako kwa Mama Neema

Mama Furaha wangu,

Nimetoka kwa Mama Neema sasa hivi, na hata viatu sijavua. Najua ungetaka kuambiwa upesi. Hukupenda habari za kuzungushwa.

Lakini nivumilie kidogo, maana kila nikikuwaza naanzia ile siku uliponigongea mlango hapa Liverpool yetu, si ile ya mpira. Mkahawa nilikokuwa naosha vyombo ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona, na sisi wanafunzi wa kigeni tulikuwa tumeambiwa hatumo kwenye msaada wa serikali. Nyumbani Nakuru nilikuwa nimedanganya kwamba niko sawa. Wewe ulikuwa jirani tu wa ghorofa ya chini, mama Mkongo tunayesalimiana naye kwenye ngazi. Ukasimama pale na sufuria ya sombe, kisamvu chenu, barakoa imekushuka puani, ukasema, "Weye binti, siku mbili sisikii harufu ya chakula kwako."

Nikaanza kulia. Ukaniwekea sahani. "Kula kwanza. Kulia utalia nyuma."

Nilikula huku nalia, na wewe ukajifanya unatazama picha ya mama yangu ukutani mpaka nikamaliza.

Tangu hapo ukanifanya miguu yako na mdomo wako wa Kiingereza. Ulikuwa unafagia na kupiga deki hospitalini tangu alfajiri, goti linakuuma, na bado Jumamosi ulikuwa chini kwenye maegesho ya magari na kina mama wenzako wa kanisa, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake, mnapanga mchele, unga, mafuta na nepi kwenye mifuko. Kanisa lenyewe lilikuwa limefungwa. Mlisema ibada itafanyika kwa miguu.

Unamkumbuka Mzee Colin, yule Mzungu wa nyumba za serikali? Alitufokea kwa mlango uliofunguliwa nusu kwamba hataki mambo ya kanisa. Ukaniambia, "Mwambie sikuleta kanisa, nimeleta mchele." Nilipomtafsiria, akauliza kama kuna chai pia. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye ngazi.

Basi, ile Jumamosi ya makopo. Sijawahi kukwambia nilivyojisikia.

Mama Neema alileta makopo sita ya maharagwe. Ukageuza moja, ukaona tarehe imepita. Ukalirudisha mkononi mwake mbele ya kina mama wote. "Kama weye mwenyewe huwezi kula hii, usiletee maskini. Mungu si jalala." Alikusanya makopo yake yote sita, akayafunga kwenye kanga, akaondoka. Mrundi yule, uliyeimba naye kwaya miaka yote. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nilidhani una haki. Hata nilijivunia kwamba mama yangu wa hapa hapendi maskini wapewe makombo.

Halafu ukaugua.

Hospitali uliyoisafisha ndiyo iliyokulaza, na hatukuruhusiwa kuingia. Nesi alikushikia simu ya video. Ulikuwa umekonda, midomo imekauka, lakini ulilalamika kwamba uji wao hauna chumvi, nikapata moyo. Kisha ukaacha kulalamika. Ukasema polepole, ukivuta pumzi kila baada ya maneno mawili, "Nilimukosea Mama Neema. Nilimupatisha haya mbele ya watu. Ukamuambie anisamehe."

Nikasema, "Utamwambia mwenyewe ukitoka."

Hukutoka, Mama.

Mazishini waliruhusiwa watu kumi tu. Mimi nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, kazi uliyonitafutia wewe, nikakuaga kupitia simu ndani ya choo cha wafanyakazi, glavu bado mkononi. Wimbo ulikatikakatika. Sikusikia hata mahubiri.

Na lile neno lako nikakaa nalo. Ndilo linalonitia aibu. Miezi ilipita, vizuizi vikaondolewa, watu wakarudi kwenye maduka ya Bankstown kununua vitambaa, na mimi kila Jumapili namwona Mama Neema kwenye benchi la nyuma kanisani, nageuza uso. Nilijiambia nasubiri nafasi nzuri. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu asikie kwamba ulikosea. Nilitaka ubaki msafi.

Leo nimekwenda. Nimepanda treni mpaka Campbelltown, walikohamia yeye na mumewe. Alinifungulia, akanikaribisha chai, nami nikasema yote kabla hajaimimina, maana ningeogopa tena. Nikamwambia ulivyosema, neno kwa neno, na kwamba nimechelewa kwa makosa yangu mwenyewe.

Alikaa. Akatazama mikono yake.

"Wanjiru," akasema, "yale maharagwe ndiyo tuliyokuwa tunakula sisi nyumbani. Mume wangu alikuwa amesimamishwa kazi ghalani. Kulikuwa na makopo kumi na mawili kabatini. Nikagawa nusu."

Mama, hebu fikiria. Tulikuwa tunapeleka mifuko kwa watu tusiowajua, na dada yetu amesimama hapo hapo, hatua mbili kutoka kwetu, ndani kwake hamna kitu kingine. Hakuna aliyemuuliza. Wewe hukuuliza. Mimi niliyekaa siku mbili bila chakula, mimi hasa, sikuuliza.

Akaniambia alikusamehe siku ile aliposikia umelazwa. Alikuandalia supu ya kuku, akaifikisha mpaka mlango wa hospitali, mlinzi akamrudisha. Akaimwaga? Hapana. Akampelekea Mzee Colin. Amekuwa akimpelekea supu tangu hapo, peke yake, bila kumwambia mtu. Na mimi nilidhani yule mzee amesahauliwa.

Tulilia wote wawili, kisha tukanywa chai iliyopoa. Jumamosi ijayo anarudi kufanya kazi nasi, maana mifuko bado tunaigawa. Amesema hataki kukaa mbele, atapanga mifuko tu. Mimi nimemwomba ashike orodha ya majina, kwa sababu anajua kuona nani ananyamaza na njaa yake.

Lala salama, Mama. Sitakufichia kosa lako tena, na upendo wangu kwako hautapungua kwa ajili yake. Ninakuahidi hivi: kabla sijatazama alicholeta mtu mkononi, nitamuuliza kwanza ameamkaje, na watoto wake wamekula nini. Nitauliza, kisha nitasubiri anijibu.

Binti yako wa ghorofa ya juu,
Wanjiru